Toleo Lako Limepitwa na Wakati

Shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa Mji wa Kale, amekusanya maneno ya Kimvita tangu mimi sijazaliwa: ya jikoni, ya useremala, ya harusini. Nilipokuwa nasomea kompyuta chuoni pale Buxton nilimwandikia programu ya kuyahifadhi, kamusi yake mwenyewe, nikayaingiza mimi kutoka kwenye madaftari yake. Miaka yote haikumkosea adabu.

Mwaka huu macho yakaanza kumfifia. "Mwanangu, nikuzie herufi," akaniambia. "Sitaki jengine."

"Nusu saa tu, Shangazi."

Nilijidai. Maneno nikayaweka kando salama, nikaifuta programu ya zamani, nikaketi sebuleni kwake niijenge upya kwa msimbo wangu ule ule, herufi zikiwa kubwa. Kisakinishi, kile kinachovuta vipande ambavyo programu hutegemea, kikanikatalia: toleo lako limepitwa na wakati. Haya, nikaweka jipya. Likavuta vipande, lakini zana ya kujengea ikadai haivitambui. Nikaweka zana mpya pia. Sasa ikawa kipande kinachochora herufi hakipatani na zana, na aliyekitunga keshakitelekeza.

Alasiri shangazi akaniletea chai. "Yataka nini hiyo?"

"Yasema vitu vyangu ni vya kale."

"Vimeharibika?"

"Havijaharibika."

"Basi vyakataliwa kwa nini?"

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Jana yake tu programu ile ilikuwa nzima! Nikauliza kwenye baraza la waandishi wa programu mtandaoni. Mmoja akajibu: "Nani bado anatumia hicho? Tupa, anza upya." Tupa! Kama kwamba kazi ya mtu ni ganda la muwa. Hao hao huvunja kilichokuwa kikifanya kazi, wakaita maendeleo, kisha wakamcheka aliyeachwa nyuma. Na mimi nilijikasirikia vilevile, kwa kufuta kabla ya kujenga. Siku mbili shangazi alirudia madaftari yake, karatasi ikigusa pua.

Siku ya tatu, kazini kwetu Kilindini tunakotoa mizigo bandarini, nikaikumbuka kompyuta ya pembeni. Haijasasishwa miaka, kwa sababu printa kuukuu haisikizani na nyengine yoyote. Zamani, nilipokuwa mgeni pale, niliwahi kuijengea ofisi programu ndogo kwa mashine hiyo. Nikafungua. Kisakinishi cha zamani kilikuwamo, zana ilikuwamo, na vipande vyote, vile vile vya kamusi. Nikamwomba bosi ruhusa, akacheka: "Chukua, bwana, nilidhani ni takataka."

Nikavinakili, nikaenda kwa shangazi moja kwa moja. Programu ikajengeka mara ya kwanza, bila neno. Nikazikuza herufi hadi neno moja likajaza nusu ya kioo.

Shangazi akasoma kwa sauti, taratibu, kisha akanigeukia. "Hili umeliandika kimakosa. Tangu mwanzo."

Nikalisahihisha. Siku ile ile nikanakili zana zote mara tatu, na nakala moja nikamwachia yeye kabatini. Wasasishe watakavyo. Mimi sitawaomba ruhusa tena.