Neno Nililosema Mbele ya Watoto Wake

Tulioana tukiwa watu wazima, kila mmoja akiwa ameshamzika mwenzake. Yeye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela, upande ule wa barabara ya Namanga ambapo malori huegesha. Mimi nilikuwa nikishona sare za shule kwenye kibanda kinachotazamana na duka lake. Alikuwa Mkikuyu, mimi ni Mkamba. Watoto wake wawili, mvulana na msichana, tayari walikuwa na nyumba zao. Walikuja kanisani siku ya ndoa, wakala chakula, wakanisalimia kwa heshima na kuniita Auntie.

Tuliishi vizuri. Baadaye sukari ikamshika, na presha ikafuata. Alipungua mwili, akawa anakojoa sana, na mambo ya chumbani yakamkataa. Mara ya kwanza alisema amechoka na kazi. Mara zilizofuata aligeuka tu akatazama ukuta. Nilimwekea mkono mgongoni, akautoa polepole, kama mtu anayemwondoa mdudu bila kutaka kumuua.

"Mzee, hii ni sukari," nilimwambia siku moja tukinywa chai. "Inasumbua wanaume wengi. Twende kliniki useme."

"Niseme nini? Kwa yule nesi tunayekaa naye benchi moja kanisani?"

Hakwenda. Siku moja alisema anakwenda Rongai kuangalia mabati, akarudi jioni bila habari yoyote ya mabati. Alikuwa amefika Kware, huko huko Rongai, mahali ambapo hakuna mtu anayemjua, akanunua vidonge vya nguvu za kiume kwenye duka la dawa. Alinionyesha akiwa na haya kidogo, akiwa pia na furaha, kama kijana.

"Aliyekuuzia amekuuliza nini?" nilimuuliza.

"Ameniuliza kama nataka ya bei rahisi ama ile nzuri."

"Hakuuliza kama uko na presha? Hakuuliza dawa unazokunywa?"

"Wewe unauliza za kutosha," alisema, akacheka.

Vilifanya kazi. Alianza kupiga mluzi dukani, akanyoa ndevu kila asubuhi, akaninunulia kitenge bila sababu. Nami nilifurahi, kwa kuwa nilikuwa nimemkosa. Nilipomkumbusha kuhusu daktari alisema ataenda mwezi unaokuja. Kila mwezi ulikuwa na mwezi mwingine mbele yake.

Jumapili moja tulitoka kanisani mvua ikinyesha. Huku kwetu mvua ikipiga, ule udongo mweusi hunata kwenye viatu mpaka mtu hushindwa kutembea, kwa hiyo tulijua hakuna mgeni atakayekuja. Alikula, akanywa kidonge, tukaingia chumbani. Baadaye kidogo aliketi kitandani, akashika kifua.

"Kuna kitu kimenikalia hapa," alisema. Jasho lilikuwa likimtoka usoni na baridi yote ile.

Nilimpigia simu mwanawe mkubwa, anakaa mtaa wa pili. Alikuja na gari, dada yake akiwa ndani kwa sababu alikuwa amemtembelea. Tulimfikisha hospitali akiwa anapumua kwa shida. Daktari alikuwa binti mdogo, umri wa mjukuu kwa Mzee. Walimbandika waya kifuani, wakampa aspirini atafune. Daktari akachukua chupa ndogo ya dawa ya kupulizwa chini ya ulimi, akasimama nayo mkononi.

"Mzee, kabla sijakupa hii, niambie ukweli. Umetumia dawa yoyote ya nguvu za kiume leo, jana ama juzi?"

Mume wangu alitikisa kichwa.

"Hata moja?"

Akatikisa tena. Alikuwa ananitazama mimi. Mwanawe alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, na binti yake alikuwa amemshika mkono. Nilijua yale macho yananiomba nini.

"Ametumia," nilisema. "Leo, baada ya chakula cha mchana."

Binti aliuachilia mkono wa baba yake. Kijana aligeuka akatazama dirishani. Daktari peke yake ndiye hakubadilika uso. Alirudisha ile chupa kwenye trei, akasema, "Asante, Mama," akamwita nesi amletee dawa nyingine.

Baadaye alinitoa nje kwenye korido akanieleza. Ile dawa ya chini ya ulimi hufungua mishipa ya damu, na vile vidonge navyo hufungua. Vikikutana mwilini, presha huanguka ghafla, na mtu anaweza kufia hapo hapo kitandani. "Ndiyo maana tunauliza," alisema. "Na wengi wanakataa."

Mume wangu hakufa. Alilazwa, akapata nafuu, akarudi nyumbani. Siku ya kumtoa hospitali, mwanawe aliniambia tukiwa tunapanga mifuko, "Auntie, ungemwita daktari kando. Si lazima ungesema mbele ya dada yangu."

"Hakukuwa na wakati wa kando," nilimjibu. Akabeba mifuko, akatangulia mlangoni.

Mzee mwenyewe aliningojea mpaka tukabaki wawili. "Ungeniacha tu niende," alisema. Alisema bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Kuanzia hapo alihamia chumba cha mbele. Alisema anapata hewa vizuri kule.

Tulipelekwa kliniki ya moyo Kajiado. Daktari wa huko alikuwa mtu mzima, mpole, na alizungumza na mume wangu waziwazi bila kupunguza sauti wala kucheka.

"Zile dawa si sumu, Mzee. Nawaandikia wanaume wengi, hata wenye sukari, na wanaendelea vizuri. Lakini napima moyo kwanza, naangalia presha, na najua kila dawa wanayokunywa. Wewe sasa nimekuwekea dawa ya moyo ya kila siku, na hiyo haikai pamoja na vile vidonge hata kidogo. Usiviguse. Tuutibu moyo kwanza. Kuna njia nyingine, tutazizungumza ukipata nguvu."

"Kwa hivyo nikae tu hivi?"

"Kwa sasa, ndiyo. Na tafadhali usiache hata dawa moja bila kuniambia."

"Nimesikia," alisema mume wangu. Kutoka Kajiado mpaka Isinya alitazama nje, kule kwenye uwanda ambako ng'ombe walikuwa wachache na nyasi zimekauka. Nilijaribu kuzungumza habari za duka, nikaacha.

Kila asubuhi nilimwekea dawa zake kando ya kikombe, naye alikuwa akizibeba na kwenda nazo nje kwenye mfereji, lile bomba la maji la uani, mahali anaposukutulia. Nilidhani anapenda kuzimeza na maji baridi. Siku moja nilikwenda kuosha sufuria hapo nikaona kidonge kikiyeyuka kwenye mtaro, cheupe ndani ya maji ya sabuni. Kando yake kulikuwa na alama nyeupe za vingine vilivyotangulia.

Nilimwita. Hakukana.

"Daktari mwenyewe alisema hizo mbili haziwezi kukaa pamoja," alisema. "Basi nimechagua moja."

"Hakusema uchague! Alisema uutibu moyo."

"Moyo ni wangu."

"Na mimi je?"

Alinitazama muda mrefu, nikadhani atasema kitu cha kutufungulia njia. "Wewe ndiwe ulisema wote wasikie vile nilivyo," alijibu.

Nilimpigia mwanawe nikamwomba azungumze na baba yake. Alisema, "Auntie, mambo ya chumbani msituingize." Nilipiga simu Kajiado, nesi akaniambia nimlete mara moja. Mzee akakubali, lakini akasema kwanza apokee mzigo wa saruji. Mzigo ulichelewa. Kisha akasema tuvuke mwisho wa mwezi.

Alianguka dukani asubuhi moja akimpimia mteja misumari. Mteja huyo, mfugaji wa Kimaasai aliyekuja kununua waya wa kuzungushia boma, ndiye aliyemshika na kumlaza juu ya mifuko ya saruji. Nilivuka barabara nikikimbia, sindano bado ikiwa kwenye kola yangu. Nilipofika, yule Mmaasai alikuwa ameshamvua kofia na kuishika mikononi mwake. Alinipisha nipite.

Matangani maneno yalitembea. Niliyasikia jikoni, kwenye foleni ya chakula, nyuma ya hema: mke wa pili amemmaliza Mzee kwa madawa ya nguvu. Vidonge vya Kware vilikuwa bado kabatini kwenye bahasha ya kaki. Nilijua vilibaki vingapi Jumapili ile ya mvua, na vyote vilikuwapo. Hakuwa amekunywa hata kimoja. Aliacha dawa ya moyo ili awe tayari kwa siku ambayo haikufika. Nilimweleza binti yake hayo tukipanga nguo za marehemu. Alisema, "Tuache tu, Auntie," akaendelea kukunja.

Wachache wanaoijua habari husema nilimwokoa ile siku hospitalini. Nilimwongezea miezi, ndiyo. Aliiishi miezi hiyo akiwa amenikasirikia, akilala chumba cha mbele, na mimi nikisikiliza anavyokohoa.

Mwaka uliofuata mwanawe alikuja kibandani kwangu. Alisema anataka sare za watoto. Nilichukua vipimo alivyoniandikia, lakini hakuondoka.

"Auntie," alisema mwishowe, "zile dawa za Baba zilikuwa gani?"

Nilisimamisha cherehani. "Unazitakia nini?"

Alitazama malori. "Niko na sukari. Wameshanianzishia dawa. Na nyumbani... si unajua."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyabeba tangu matanga. Lakini alikuwa amesimama kama baba yake, mabega mbele, na sikuyasema.

"Sikuambii ni gani," nilimwambia. "Nenda kwa yule daktari wa Kajiado. Mpelekee kila dawa unayokunywa, hata zile za miti kama unazo. Usinunue njiani. Usipewe na rafiki yako. Na kifua kikikubana siku yoyote, ukiulizwa, jibu. Hata mkeo akiwepo, hata watoto wakiwepo."

"Sawa."

Alikwenda. Alinieleza alipokuja kuchukua sare, kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye mkasi wangu. Alipimwa moyo na presha, akapewa dozi ndogo kabisa, akakatazwa kuchanganya na pombe. Aliambiwa pia kwamba mwili ukisimama ukakataa kutulia kwa muda wa saa nne asione haya, akimbilie hospitali. Hakumtaja baba yake hata mara moja. Alipomaliza alikunja sare akaziweka kwenye mfuko, akauliza kama nina maji nyumbani, kwa sababu gari la maji lilikuwa halijafika mtaani kwao. Nikamwambia ninayo kidogo, atume mtu na mitungi.