Bega la Bibi wa Pangoni

Mhunzi aliitwa Anaye, na mdomo wake ulikata kuliko tezo lake la kuchongea. Alizaliwa kule juu, kwenye uwanda wa mawe, akashuka chini ya genge la Bandiagara, jabali lililokatika wima, akiwa kijana, kwa kuwa kijiji kile hakikuwa na mtu wa kufua majembe. Wakampa uwele, akawapa majembe, wakaishi vizuri. Maneno yalianza aliposhika mti achonge.

Kwao sanamu huchongwa ikiwa na nyama: bega la mviringo, tumbo limejaa, paja la mtu aliyeshiba. Chini ya genge, sanamu husimama wima kama mlango: mabega mraba, pua mshale, mikono vibao.

Yakene, mke wa mkulima wa vitunguu, alikuwa amezika watoto wawili hata majina hawajapewa, na sasa alikuwa na mimba nyingine. Akataka sanamu ya kuwekwa pangoni kwa wazee wa ukoo waliokwisha kufa, wamlindie huyu. Anaye akamchongea mwanamke aliyeinua mikono juu, kwa namna mkono wake ulivyojua.

Mzee Ambibe, mtunza pango, aliizunguka ile sanamu kama mtu anayenunua mbuzi mwenye kikohozi.

"Mhunzi, huyu nani? Kibuyu?"

"Mwanamke, babu. Umezeeka mpaka umesahau walivyo?"

"Wanawake nawakumbuka vizuri mno. Huyu wazee wetu hawamjui. Watauliza, mgeni huyu kaletwa na nani? Hawatamsikiliza. Chonga mwingine."

Yakene aliweka kiganja tumboni, akaondoka taratibu.

Akachonga mwingine, wa mabega mraba. Yakene akamtazama sana.

"Shemeji, mbona huyu kama amebana pumzi?"

Na kweli alikuwa amebana pumzi.

Haukupita muda, Ambibe akarudi, kejeli kaziacha nyumbani. Mchwa walikuwa wamekula mkono wa Bibi, sanamu kongwe kuliko zote pangoni, na kuugusa mti ule ni kazi ya mhunzi peke yake. Wakapanda genge kwa kamba.

Wazee wa mti walisimama wamepanga safu, migongo ukutani. Uji wa uwele waliomwagiwa kizazi baada ya kizazi ulikuwa umewagandia mweusi, kama gamba la mamba, na Bibi alivikwa ganda nene kuliko wote, hata umbo lake halikujulikana. Anaye akapiga magoti. Mkono ulipong'oka, ganda lilibanduka pamoja nao, mti ukawa wazi. Akapuliza vumbi.

Bega lilikuwa la mviringo.

Tezo lilikuwa limepita hapo kwa mpindo uleule aliofundishwa na baba yake, naye baba alifundishwa na babu. Mtu wa kwao alikuwa amekaa humu gizani miaka isiyo na hesabu, akinyweshwa uji na watu wa chini, wala hakuna aliyemuuliza katoka wapi.

"Babu, lete kidole."

Ambibe akapapasa. Akapapasa tena. Kisha akakaa chini.

"Baba yangu alimnywesha. Mimi namnywesha maisha yangu yote."

"Na huwa anasikia?"

"Huyu? Huyu hukupa kabla hujamaliza kuomba."

Anaye akashika tezo, akaanza mkono mpya. Mwishowe Ambibe akakohoa.

"Basi aliolewa huku. Kumbe hata nyinyi watu wa juu mara mojamoja mnazaa mke wa maana."

Anaye akamfungia Bibi mkono mpya, na sanamu ya kwanza ya Yakene ikapandishwa kwa kamba, ikasimamishwa ubavuni pake. Ambibe akainua kibuyu cha uji. Kwenye sanamu za mraba uji huporomoka moja kwa moja. Kwenye hii ulizunguka bega polepole, ukashuka kifuani, ukatua juu ya tumbo, ukakaa.

"Amekunywa?" Yakene aliita kutoka chini ya genge.

Ambibe akainama ukingoni mwa pango.

"Anakunywa, binti yangu!" mzee akapaza sauti. "Anajishaua kama bibi harusi, lakini anakunywa!"