Mwangaluka ya Jioni

Nilisafiri kwenda bahari ya kaskazini kwa sababu ya salamu. Wapo hapa kijijini Samuye wanaosema nilikwenda kutalii, na siwabishii, maana nimepanda meli yenye ghorofa nyingi kuliko jengo lolote la Shinyanga mjini. Lakini mwalimu mstaafu wa darasa la pili haachi kuku wake, na viazi vyake vikiwa juani, kwenda kutazama milima ya watu bila sababu. Nilikuwa na kesi ya nyumbani.

Kesi yenyewe ni hii. Mwanangu wa kwanza, Malimi, ni mpishi kwenye meli ya watalii Ulaya. Alianzia Rwamgasa, ambako alikwenda kuchimba dhahabu, akaona mashimo hayamtaki, akageukia kuwakaangia wachimbaji maandazi. Kutoka hapo alipata kazi hotelini Mwanza, kisha Dar es Salaam, kisha majini. Mwaka jana, baada ya mavuno, alimpigia baba yake simu jioni, ng'ombe wakiingia zizini. Baba Malimi alikuwa na wageni, akaweka spika ili wote waisikie sauti ya mtoto aliye mbali. Malimi akasema, "Mwangaluka, baba."

Kwa asiyejua Kisukuma, mwangaluka ni salamu ya asubuhi. Mchana ukishageuka tunasema mwadila. Hata mtoto anayejifunza kuongea hakosei hapo. Wageni walicheka, na jirani yetu Mzee Kashindye, ambaye ulimi wake hauna breki, akasema, "Mtoto wako kalewa huyo." Mume wangu alikata simu, na tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya Malimi. Nilipomuuliza kijana mwenyewe, alinijibu, "Nilijisahau tu, mayu," yaani mama, na jibu hilo, nilipolifikisha kwa baba yake, likaharibu zaidi.

Mwaka huu Baba Malimi akatangaza kwamba mavuno yakiisha atawaonyesha vijana wake viwanja vya kujenga katika kaya yetu. Malimi hakutajwa. "Asiyejua kama kwao kumekucha au kumekuchwa, kiwanja cha nini?" alisema mbele ya wadogo zake. Neno hilo liliniuma kama mwiba wa mgunga. Kwa hiyo Malimi aliponiarifu kwamba wenye meli wanamruhusu kumleta mzazi mmoja, na baba yake akasema yeye si mzigo wa kupakiwa, nikasema nitakwenda mimi.

Mwezi wa tano tulikaa jikoni kupanga safari, mimi na binti yangu Kabula, anayefundisha Ushirombo. Yeye alikuwa na simu yenye ramani, mimi nilikuwa na maswali. Meli ingeondoka Hamburg, Ujerumani, ipande na pwani ya Norwe mpaka Rasi ya Kaskazini, halafu irudi. Siku nyingine hutia nanga na abiria wakashuka kutembezwa. Siku nyingine ni maji matupu kutwa kucha. Matembezi ya nchi kavu unayachagua mapema. Nikapanga kama nilivyokuwa nikipanga vipindi shuleni: kila siku ya nanga nitashuka nione dunia, na kila siku ya maji ni ya kuongea na Malimi, maana baharini atakimbilia wapi?

"Mama, unakwenda kumtembelea au kumkamata?" Kabula aliuliza.

"Vyote viwili," nikamjibu.

Baba Malimi akapita na ndoo ya maji ya ndama, akasikia neno kaskazini. "Wewe Mdakama," akasema, "unakwenda sukuma gani tena?" Ni utani wa huku. Kwa lugha yetu sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini, na ndugu zetu wa karibu na ziwa hutuita sisi wa Shinyanga Wadakama. Nilifurahi alivyotania. Jina la mtoto hakulitaja.

Siku ya kuondoka, alfajiri, nilimkuta uani anafunga kiroba cha michembe, vile vipande vya viazi vitamu tunavyovianika mpaka vinakauka kabisa. "Ya kwako ya njiani," alisema bila kunitazama. Kilikuwa kizito mno kwa tumbo la mtu mmoja. Nikakibeba hivyo hivyo. Basi lilinifikisha Mwanza, ndege ikanipeleka Dar es Salaam, na ndege kubwa zaidi ikanivusha mpaka Ulaya, rozari yangu mkononi njia nzima.

Hamburg, mtu wa forodha alikifungua kiroba, akachukua kipande kimoja, akakinusa na kukigeuza kama anayekagua gome la mti. "Viazi," nikamwambia kwa Kiingereza changu cha darasani. Hakuamini, lakini aliniachia. Bandarini nikaiona meli. Fikiria makontena ya bandari kavu ya Isaka yamepangwa juu kwa juu mpaka shingo inauma kuyatazama, yakapakwa rangi nyeupe na kutobolewa madirisha. Mlangoni palisimama Malimi wangu, amekonda kidogo, macho mekundu.

"Mwangaluka, mayu!"

Ilikuwa alasiri. "Mwadila!" nilimsahihisha kabla hata sijamkumbatia, kwa sauti ile ile ya darasa la pili. Akacheka, akaufunika mdomo kwa mkono. Nilimkumbatia huku nikimnusa pumzi, nakiri, kwa sababu ya maneno ya Mzee Kashindye. Alinuka mkate.

Siku ya kwanza baharini nilivaa kitenge kizuri, nikakaa kwenye sebule kubwa ya meli kumsubiri. Nilisubiri mpaka chakula cha mchana, nikasubiri mpaka chai. Mwisho nilimuuliza Marisel, mama Mfilipino aliyekuwa akisafisha chumba changu. "Siku ya majini hutamwona, mama," aliniambia. "Abiria wote wamo ndani, wanakula tangu asubuhi. Jikoni hawana pa kupumulia. Sisi tunapumzika meli ikitia nanga, ninyi mkishuka." Ratiba yangu yote ilikuwa kichwa chini, miguu juu. Nilikasirika, na wa kumkasirikia sikumwona.

Siku iliyofuata meli iliingia kwenye mkono mwembamba wa bahari, milima imesimama pande zote mbili na maji yakiporomoka kutoka juu. Matembezi yalikuwa yameshalipiwa na Malimi, nikaona nisipoteze. Basi lilitupeleka kwenye shamba la mama mmoja, Ingrid, mwenye ng'ombe wanene ambao kila mmoja ana kipuli cha njano sikioni. Alitupa mikate myembamba ya kuoka kwenye chuma na jibini ya rangi ya kahawia, tamu kama maziwa yaliyoungua na sukari. Akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kaskazini.

"Mimi ni mtu wa kaskazini," nikamwambia. "Kabila langu maana yake ndiyo hiyo."

Alicheka mpaka akashika meza. "Basi karibu nyumbani." Tukaongea habari za watoto. Wake anafanya kazi kwenye mitambo ya mafuta katikati ya bahari, kwa zamu. "Akija likizo anakula kifungua kinywa jioni," alisema. "Mwanzoni nilidhani ananifanyia makusudi." Nililisikia neno hilo, nikapanda nalo basi, lakini sikulifanyia kazi.

Tromso, bandari nyingine ya Norwe, asubuhi watu walipanga foleni kwenda kupanda kigari cha kamba juu ya mlima. Mimi nilirudisha tiketi yangu mapokezi. Meli ilibaki kimya kama shule wakati wa likizo. Mchana Malimi akanifuata nyuma ya meli, amelala kidogo tu, akanivika koti lake maana upepo ulikuwa unakata masikio. Nikaweka kiroba katikati yetu. Akalitazama fundo kabla ya kulifungua.

"Fundo hili la baba," alisema. "Ndilo analofungia ndama."

"Aliniambia ni michembe yangu ya njiani."

"Mayu, tangu lini baba akakufungia kitu cha njiani?"

Tukatafuna michembe mikavu hivyo hivyo, meno yakilia. Ndipo akanieleza. Yeye si mpishi wa mboga. Ni mwoka mikate. Abiria wakiamka wanaikuta ya moto, kwa hiyo yeye huamka jioni, hukanda wenzake wakiwa wamelala, na hulala wenzake wakila. Na kiangazi huku jua halizami. "Nikifungua macho naona jua dirishani. Mdomo unasema mwangaluka kabla sijatazama saa. Siku ile ndiyo kwanza nilikuwa nimeamka, nikasema nimsalimie baba kwanza kabla ya kazi."

"Mbona hukusema?"

"Alikata. Halafu uliponiuliza wewe nikaona aibu. Mtu mzima, mtoto wa mwalimu, nimeshindwa salamu." Alikuwa akitazama maji. "Sina shida ya ardhi, mayu. Ninaweza kununua kiwanja Shinyanga mjini. Ila nikizikwa ningependa iwe kwetu."

Nikampigia Baba Malimi hapo hapo, nikamweleza yote, mikate na jua. Alisikiliza mpaka mwisho. "Unamtetea mwanao," akasema. "Huko hawana saa?"

"Wanazo."

"Basi wazitazame." Malimi aliinuka, akasema anakwenda kulala kabla ya zamu.

Rasi ya Kaskazini ni jabali refu lililokatika ghafla, chini yake bahari tu. Tulipelekwa huko baada ya chakula cha jioni, tukasimama na makoti yetu kulitazama jua. Lilishuka mpaka karibu na maji, mtu ungesema sasa linakwenda, kumbe likatembea kandokando ya bahari, halafu likaanza kupanda tena. Watu walipiga makofi. Mimi nilimfikiria mwanangu, aliyezaliwa kukipambazuka, tukampa jina linalotokana na jua. Naye wakati ule alikuwa chini tumboni mwa meli, mikono kwenye unga.

Siku iliyofuata ilikuwa ya maji. Nilikuwa nimechelewa kulala, kifungua kinywa kikanipita usingizini, na chakula cha mchana pia. Nilipofungua macho jua lilikuwa limejaa chumbani, mwili umepumzika, nikajisikia vizuri kuliko siku zote. Nikamkumbuka mume wangu, nikachukua simu.

"Mwangaluka, Baba Malimi! Umeamkaje?"

Nilisikia kengele za ng'ombe na ndama akimlilia mama yake.

"Mbona ng'ombe bado wako zizini?" nikauliza. "Leo hawachungwi?"

"Ndiyo kwanza wanaingia," alisema taratibu.

Nikatazama saa ya ukutani. Nilihisi masikio yanawaka. Mimi, niliyewarudisha watoto wa watu mlangoni waingie upya kwa sababu ya salamu mbovu! Nikaanza kucheka, na kicheko kikaja na machozi. Yeye hakucheka.

"Na wewe, Mwalimu?" alisema. Kisha akawafokea ng'ombe kidogo, akarudi kwenye simu. "Hebu nieleze tena hiyo habari ya mikate."

Siku za kurudi sikupanga kitu. Kila asubuhi nilikwenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, Malimi akitoka zamu na kunipa mkate wa moto uliofungwa kwa kitambaa, tukaongea mpaka usingizi umzidi. Yalikuwa mazungumzo mafupi na yalitosha. Hamburg aliniaga akiwa ametoka kazini, unga kwenye nyusi. Sikumwambia kwamba baba yake aliuliza habari za mikate. Niliogopa kumpa tumaini ambalo si langu kulitoa.

Nyumbani wananiuliza nimejifunza nini huko, wakitarajia habari za barafu. Nawaambia nimejifunza kwamba mtu anaweza kukusalimia vizuri kabisa, kwa heshima zote, ukaiona ni dharau kwa sababu jua lako na lake hayako mahali pamoja. Wanaitikia kwa adabu, kisha wananiuliza kama kweli jibini yao ni tamu.

Jioni ya wiki niliyorudi, vijana wetu walikuwa uani pamoja na wazee walioitwa kushuhudia viwanja, Mzee Kashindye akiwa mbele kabisa. Jua lilikuwa limefika kwenye vichwa vya miti. Baba Malimi akanyoosha mkono, akaniomba simu. Akaniambia nimtafutie Malimi. Kisha akabonyeza spika mwenyewe.

Kwetu mdogo ndiye huanza kusalimu, mkubwa akaitikia. Simu ikaita, ikapokelewa, tukasikia mtu anavuta pumzi kutafuta neno. Baba yake hakumngoja.

"Mwangaluka, Malimi," alisema, kwa sauti ambayo hata asiyesikia vizuri angeisikia.

Nilimtazama Mzee Kashindye. Alikuwa akitazama miguu yake. Huko mbali mwanangu alikohoa kidogo.

"Mwadila, baba."

"Umeamka salama?"

"Nimeamka salama, baba."

"Haya, nenda kaoke mikate ya watu," Baba Malimi alisema. "Kiwanja chako nimekiweka upande wa sukuma. Ukipata likizo, njoo ukione."