Gundi ya Kome

Kome wale hawakuwa wetu. Wavuvi husema walikuja wameng'ang'ania matumbo ya meli, na walipoyazoea maji ya Mlingotini wakahamia kwenye kamba zangu za mwani. Walinikera mno. Kila bamvua, maji yakitoka mbali, niliwaendea na kisu, na kila niliyemng'oa aliacha ndevu zake nyeusi, zile nyuzi anazojishikizia, kwenye kamba. Nikaanza kujiuliza: gundi ya dukani inashindwa na ndala iliyolowa, hawa wananata vipi baharini?

Binti mmoja wa chuo aliyekuja kupima mwani wetu alinieleza kwamba mguu wa kome hutoa gundi isiyoogopa maji, na kwamba huko maabara wanajaribu kuiiga ili wafunge vidonda bila kushona. Neno "wanajaribu" alilisema mara mbili. Mimi nilisikia vidonda tu.

Mama yangu, kule Dunda, alikuwa na kidonda cha kisukari mguuni na hospitali alikuwa ameikataa. Jirani yake alikwenda na miguu miwili, akarudi na mmoja. Basi nikazianika zile ndevu, nikazitwanga, nikaujaribu unga wake kwenye kidole changu. Haukunata hata kidogo. Gundi ilikwisha kukauka baharini, ikamaliza kazi yake huko huko.

Kidonda kilianza kunuka. Niliogopa, nikamdanganya mama kwamba hospitali sasa wana gundi ya kome, hawakati tena miguu. Alinihoji sana. Inawasha? Inakaa siku ngapi? Na kome mwenyewe, ameshikaje mpaka watu wa vyuoni wamwonee wivu? Kulipokucha akapanda bodaboda, mimi nyuma yake.

Muuguzi hakuwahi kuisikia gundi hiyo. Mama alinitazama, kisha akapanda kitandani. Walimsafisha, wakamkata kidole kimoja, mguu ukapona. Wiki nzima nikimwamkia aliitikia marahaba, basi.

Kisha akaniagiza nimpelekee huyo kome. Nilimkatia kipande cha kamba, kome akiwa juu yake. Mama akamvuta, akamgeuza, akamvuta tena kwa mikono miwili. Kome hakutoka.

"Huyu kweli ananata," alisema. "Muongo ni wewe."

Akaninyooshea mguu wake wa vidole vinne nimbadilishie bandeji.