Nyanya za Mama na Posa ya Bwana Prosper

Mbegu za nyanya zikilowekwa mpaka zikachacha hutoa harufu kali, kitu kati ya pombe na soksi za mvulana, na harufu hiyo ndiyo iliyolijaza jiko letu mtaani Saio kila mwisho wa msimu. Neema, dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita Yaya, alikamua nyanya iliyoiva hadi kulegea, akaziacha mbegu pamoja na utelezi wake katika kikombe cha bati, akakifunika kwa kitambaa na kukiweka karibu na mafiga. Baada ya siku chache utando mweupe ulijitandaza juu. Hapo aliziosha, akazianika juu ya gunia kuukuu, akazichanganya na majivu na kuzitia katika chupa. Mama yetu alizipata mbegu hizo kwa mama yake, kwenye vilima vya Djugu, na alipofariki hakutuachia kitu kingine cha maana. Vitenge vyake shangazi alivigawa kabla matanga hayajaisha, vile vizuri akijigawia mwenyewe. Mbegu hakuzitaka.

Zilikuwa nyanya zenye sura mbaya, sitadanganya. Zilijaa mikunjo, mabega yake yalibaki kijani hata zilipoiva, na mvua ikizidi zilipasuka. Lakini ngozi yake ilikuwa nyembamba na nyama yake tele, na chache tu zilitosha kuugeuza mchuzi wa samaki wa ziwani Tchomia ukawa mzito, mtamu, wa kulambwa hadi kwenye kifundo cha mkono. Yaya aliotesha miche katika karai bovu, akaikinga na jua kwa majani ya migomba, kisha akaihamishia bustanini jioni baada ya mvua na kuiegemeza kwenye matete. Kazi yangu ilikuwa kuvunja vichipukizi vya pembeni, na vidole vyangu vilibaki na rangi ya kijani ambayo sabuni haikuiweza. Matunda ya mbegu Yaya aliyachagua mwenyewe, akayafunga kwenye kikonyo vipande vya kitenge kichakavu cha mama, ambacho shangazi hakukitaka. Hayo hayakuguswa na mtu. Yalikaa juu ya mti mpaka yalegee, na hata baba, ambaye hakujua mwiko wala sufuria vilikaa wapi, alijua hivyo.

Msimu ninaousimulia ndio ule alipokuja Bwana Prosper kumposa Yaya. Alileta vitenge na redio kutoka Aru, mji wa mpakani, na neno Aru alilitamka kama wengine wanavyotamka Paris. Alivaa viatu vyeupe mtaani kwetu, kwenye udongo mwekundu, kisha mazungumzo yote akawa anavifuta kwa leso. Aliwasemesha Kifaransa watu aliojua hawakukisoma. Gari aliloliita lake lilikuwa la mjomba wake, na hilo Saio nzima ililijua, ila shangazi alijifanya hajui. Baba alicheka kabla mzaha wa mgeni haujamalizika. Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa na macho, na niliwadharau wote kwa moyo mmoja. Kilichonikera zaidi ni kwamba Yaya alimpenda. Alisuka nywele upya kila alipotarajiwa, akaimba jikoni nyimbo za kwaya alizokuwa ameziacha tangu mama afe.

Mbuzi wa mahari walikuwa wameshafika pale Prosper na mjomba wake walipokuja kuangalia mahali pa kuweka hema la harusi. Uwanja wetu ulikuwa mdogo. Walipima kwa hatua, wakarudi, wakapima tena, na kila upande waliishia kwenye nyanya. Basi Prosper akaingia bustanini, akiinua suruali yake kwa vidole viwili, akanyoosha mkono na kulichuma tunda moja kubwa lililofungwa kitenge.

"Hii iko tomate ao iko ugonjwa?" alimwuliza mjomba wake, kisha akawatupia kuku.

Walicheka. Akasema mimea yote ing'olewe kesho yake ili wenye hema wapate nafasi. Yaya alimsogelea baba na kumweleza kwa sauti ya chini kwamba matunda ya mbegu bado yalihitaji wiki chache, kwamba harusi ingeweza kusogezwa mbele, au hema likawekwa kwa mwalimu jirani yetu, ambaye alikwisha kubali. Prosper alisikia, akajibu yeye mahali pa baba. Alisema Aru kuna mbegu za paketi zenye picha, angemletea katoni nzima kama alitaka kuzitazama, kwa kuwa kulima hatalima tena. Mke wake hawezi kuonekana na matope.

"Harusi ingojee tomate?" mjomba mtu akauliza, na wakacheka upya, safari hii kwa nguvu, wakishikana mabega.

Baba naye akacheka. Kile kicheko sijakisamehe mpaka leo, na baba yumo kaburini. Yaya hakumtazama Prosper hata kidogo. Alimtazama baba mpaka kicheko kikamwishia mdomoni.

"Ile alitupa ilikuwa ya mama," alisema. "Baba, weye unajua."

Baba aliinamia kiatu chake kama aliyeona kitu pale. Yaya akawageukia wageni, mikono ameikunja mbele kwa heshima.

"Mubebe mbuzi zenu, wababa. Miye sitaolewa."

Kisha akawafukuza kuku, akaliokota tunda lililokwisha kudonolewa nusu, akaingia nalo jikoni.

Shangazi alisema Yaya ana pepo, akaleta watu wa maombi wakaikemea bustani, mimea na karai pamoja. Baba alikasirika msimu mzima, hasira ya mtu aliyepoteza mbuzi. Usiku nilimsikia Yaya akilia, kwa hiyo asinidanganye mtu kwamba ilikuwa rahisi. Lakini nyanya ziliiva. Alipika mchuzi wa kwanza, akamtengea baba. Naye baba, yule yule aliyecheka, akachovya bugali, akalamba vidole, akasukuma sahani mbele aongezewe.

Miaka ilipita, mapigano yakaja, tukakimbia na tulichoshika mkononi. Tuliporudi nyumba haikuwa na paa, na chupa ya mbegu haikuwapo. Siku hizi ninakula nyanya za kila mtu, zinazoshushwa sokoni kwa masanduku, za mviringo, zote sura moja, ngozi ngumu kama ya mpira. Wauzaji huzisifu kwamba haziozi upesi. Kweli, ndani hamna cha kuoza. Na Bwana Prosper sasa ni mtu mnene wa viti vya mbele kanisani. Majuzi sisi waumini tulipokuwa tukianzisha bustani nyuma ya kanisa alisimama, akatuhutubia juu ya mbegu za mababu, jinsi moyo unavyomuuma akiona zinapotea, na watu wakampigia makofi. Baadaye alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akamuulizia Yaya, na kama hajabakiza mbegu kidogo za zile tomate za zamani.

Yaya anaishi mtaa mwingine, na mume fundi mwashi asiye na makuu. Nilimkuta akikata nyanya za sokoni, nikamweleza yote. Kisu hakikusimama.

"Umuambie zilipotea," alisema. "Tena umuambie, hata zingekuwako, hangepata."

Jumapili iliyofuata nilimfikishia ujumbe huo mlangoni mwa kanisa, mbele ya mke wake, bila kupunguza neno.