Karatasi Isiyokuwamo Kitabuni

Alkhamis ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo hunidunda kwa furaha. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, kule Al Khoudh. Nilikuwa nimerudi kwetu Ruwi, mjini Maskati, kwa basi la chuo kuja kupumzika, maana siku hizo mapumziko ya wiki yalikuwa Alkhamis na Ijumaa. Mkobani nilikuwa na karatasi ya mtihani wa kalkulasi niliyoikunja mara nne ili asiione mtu. Nilipata kumi na tatu katika hamsini.

Kalkulasi ni hesabu ya vitu vinavyobadilika: vinaongezeka kwa kasi gani, vinaanza kupungua wapi. Kila aliyetaka uhandisi ilimlazimu kuipasi, na mimi nilikuwa nautaka uhandisi tangu nilipokuwa mdogo nikifungua redio za watu na kushindwa kuzifunga. Mwalimu wetu, Msudani mmoja mpole asiyejua kupandisha sauti, alikwishaniambia wazi kwamba nikianguka na mtihani wa pili nikatafute kozi nyengine. Zilikuwa zimebaki wiki mbili kufika mtihani huo.

Usidhani nilikuwa mvivu. Hata kidogo! Nilisoma mpaka macho yakawasha, lakini nilisoma kwa njia niliyolelewa nayo. Bibi yangu, mama yake baba, aliyetoka Unguja na kuja kuanza maisha upya Maskati, ndiye aliyenisomesha msahafu, na nilipotimiza miaka kumi nilikuwa nimeshahifadhi juzuu nne. Wageni wakija naitwa nisome, na mashaallah zinanimiminikia kutoka kila upande. Basi nikaingia chuo kichwa kimevimba. Nikazihifadhi hesabu zote zilizofanywa kitabuni, mstari kwa mstari, na majibu yake. Ungenitajia ukurasa tu, ningekusomea wote bila ya kukosea. Mtihani ulipokuja na namba nyengine, nikabaki kutafuna kalamu.

Nyumbani wakiniuliza habari za masomo nikijibu, "Alhamdulillahi." Neno hilo, mwanangu, wewe pia unajua linavyoweza kufunika mambo.

Baada ya sala ya alasiri nilimkuta Bibi sebuleni, kakaa juu ya mkeka, kazungukwa na makaratasi magumu meupe, mkasi mkononi. Bibi akipika visheti, vile vitamutamu vya unga na sukari, na ami yangu, ndugu yake baba, akimuuzia dukani kwake Hamriya, na maboksi ya kuvitilia akiyatengeneza mwenyewe, kwa sababu ya madukani hayakumpendeza. Hukata mraba mdogo katika kila pembe ya karatasi, akazikunja kuta nne juu, akazibandika kwa gundi. Siku hiyo ami alimletea karatasi kubwa kuliko alizozizoea, na jirani aliyekuwa anamuoza binti yake alitaka kila boksi lichukue visheti vingi iwezekanavyo.

"Thuraya," akaniita, "wewe msomi. Hizi pembe nikate kiasi gani?"

Nusura niruke! Hesabu ya boksi ilikuwemo kitabuni, karatasi ya mraba na pembe zake, vilevile kama alivyoishika Bibi.

"Sentimita nne, Bibi! Hiyo nnaijua kwa moyo."

Akakata nne, akakunja, akabandika. Kikatoka kitu kipana na kifupi, sinia khasa. Akalitazama sinia, kisha akanitazama mimi.

"Karatasi ya kitabuni mwenu ilikuwa na ukubwa gani?"

"Ishirini na nne kila upande."

"Na hii?"

Nikapima kwa rula. "Arubaini na nane."

"Ehe. Basi hii nikate ngapi?"

Nikapitisha kurasa zote kichwani, moja moja, mpaka mwisho. "Hii haimo kitabuni, Bibi," nikasema, na machozi yakanitoka hapo hapo. Nikaichukua ile karatasi ya mtihani mkobani, nikaikunjua, nikampa. Kiingereza hakukijua, lakini namba alizijua, na kumi na tatu ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu.

"Ulihifadhi?" akaniuliza.

"Nilihifadhi yote."

Nilitarajia anisikitikie. Loo! Aliniwashia moto, ingawa sauti hakuipandisha. "Nani alokwambia hesabu zinahifadhiwa? Msahafu tunauhifadhi kwa kuwa haubadiliki, harufi wala nukta. Hichi kitabu chako kaandika mtu, na mtu mwengine kesho atakubadilishia karatasi, kama alivyonibadilishia mimi ami yako. Usinichanganyie mambo mawili. Na huo uongo wako wa alhamdulillahi tutauzungumza siku nyengine. Yallah, futa machozi, shika mkasi."

Nikashika mkasi. Karatasi ya pili akaniamuru nikate kumi na mbili. Likatoka boksi lenye kina, jembamba kuliko la kwanza, mfano wa ndoo. Tukaleta mchele na kopo la lita moja. Sinia letu lilichukua makopo sita na kidogo. Ndoo ikachukua saba kasoro kidogo.

"Si hili wala si lile," akasema Bibi. "Katikati hapa pana pahala. Wapi?"

Nikaitazama karatasi ya tatu, ambayo haijakatwa. Nikajifikiria naikata pembe kidogo kidogo. Nikianza kukata, boksi linaongezeka nafasi. Nikizidisha, linaongezeka tena, lakini mara hii kwa uchache. Nikizidisha zaidi, nyongeza yenyewe inazidi kuwa ndogo, mpaka pahala fulani haliongezeki wala halipungui, na nikipita hapo tu linaanza kupungua. Haliongezeki wala halipungui! Mwanangu, nilipiga ukelele mpaka mama akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani nimejikata.

"Kasi yake ni sifuri! Bibi, pale ndipo kasi yake sifuri!"

Maneno hayo mwalimu wetu alikuwa akiyasema muhula mzima kwa upole wake, nami niliyahifadhi pia, nikayaandika hata kwenye mtihani. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuyaona, yamekaa mbele yangu juu ya mkeka. Nikaigeuza karatasi yangu ya mtihani, nikaanza kufanya hesabu upande wa nyuma. Yakatoka majibu mawili: nane, na ishirini na nne.

"Ishirini na nne?" akauliza Bibi. "Si utakuwa umeikata karatasi yote?"

Kweli! Ukikata ishirini na nne kila pembe hakibaki kitu, boksi tupu lisilokuwepo. Hesabu ilikuwa imetuambia kitu cha kweli, na cha kuchekesha.

"Hiyo mimi nnaijua bila ya kwenda chuo," akasema, tukacheka mpaka gundi ikamwagika.

Tukakata nane. Likaingia kopo la nane, likajaa, na mchele mwengine juu yake. Mimi, msichana mzima wa miaka kumi na tisa, nikacheza ngoma sebuleni.

Bibi alingoja nichoke. Kisha akachukua karatasi nyengine, akaikata kipande upande mmoja ikawa ndefu, akaniwekea mapajani. "Na ikiwa hivi?"

Zamani ningesema haimo. "Sijui, Bibi," nikamjibu. "Lakini ntaitafuta."

Akarudi kwenye gundi yake, uso umemkunjuka.

Mtihani wa pili ulituuliza habari za bati refu linalokunjwa liwe mfereji wa maji. Sijapata kuuona mfereji ule katika kitabu chochote. Nikalikunja bati kichwani, kidogo kidogo, nikangoja pahala nafasi ya maji isipoongezeka wala kupungua. Nikapata thelathini na nane katika hamsini. Nilipompelekea Bibi karatasi, hii bila ya kuikunja hata mara moja, hakuuliza nimepata ngapi. Aliuliza, "Swali lilikuwa lipi?" na akanikalisha nimueleze mpaka akafahamu.

Bibi ametangulia mbele ya haki siku nyingi, Mungu amrehemu. Mimi nimekuwa mhandisi wa maji, na katika miaka yote ya kazi hakuna hata siku moja niliyoletewa karatasi iliyokuwemo kitabuni.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: yasiyobadilika yahifadhi kwa adabu, na yanayobadilika yafahamu. Usijidanganye kwa kuwa ulimi unakwenda mbio. Ukipata kumi na tatu, usiikunje. Iweke mezani, uigeuze, ufanyie kazi nyuma yake, maana nyuma ni nyeupe. Na ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, kisha katafute.

Mungu akufungulie kifua chako, akupe raha ya kufahamu kama aliyonipa mimi juu ya mkeka ule. Na akujaalie uwe na mtu wa kwako nyumbani, ambaye kila ukidhani umemaliza, atakuwekea karatasi nyengine mapajani na kukuuliza, "Na ikiwa hivi?"