Babu Niliyemtaja Ili Nipunguziwe Bunduki

Wanaonijua watasema nimetia chumvi. Nakubali, kwangu mimi dagaa ni papa. Lakini hili nawasimulia bila hata punje. Ningekuwa natunga si ningetunga lenye kunisifu?

Nafanya kazi ghalani huku ughaibuni, mjini Hayes, kupanga mizigo ya ndege. Miaka minne nilisoma historia shule ya jioni, nikisinzia mpaka paji la uso linagonga dawati, na nilipohitimu nikapata ugonjwa wa kukusanya bunduki za kale. Si za kupigia, za kutundika ukutani tu, zile ambazo sheria ya hapa inazihesabu kuwa pambo.

Januari moja wauzaji walikutana kwenye ukumbi wa hoteli karibu na kiwanja cha ndege. Meza elfu moja. Haya, tuseme arobaini. Kwenye meza ya Mzungu mmoja mzee nikaona gobore la gumegume, la kulipuliwa kwa cheche za jiwe, refu kunipita mimi, kitako kimechongwa alama saba. Kikaratasi kilisema limetoka Afrika Mashariki, pauni mia nane.

Nikaanza kazi. Nikamwonyesha parafujo mpya, nikapitisha kidole kwenye matundu ya wadudu, nikasema mdeki huu wa kushindilia baruti si wake. Akashuka hadi mia saba, akanata hapo. Sasa kwetu Tanga bei ikikwama unatafuta undugu: muuzaji unamwita mjomba, unamtajia wazee mpaka alegee. Huyu nimwite mjomba kwa sura gani? Nikaona undugu niupeleke kwa bunduki yenyewe.

"Alama hizi nazijua," nikamwambia, sauti ikitetemeka kama niko msibani. "Gobore hili ni la babu yangu. Naapa kwa kaburi lake."

Mzungu akavua miwani, macho yamelowa. "Mbona hukusema mapema? Nipe mia mbili, lirudi kwao."

Nilitoka nacheka peke yangu. Saa kumi na moja jioni, na kwa Januari ya huku giza lilikuwa limeshatanda. Mvua ilikuwa inapigwa na upepo wa kung'oa tembo. Kwenye kituo cha basi alikaa mzee mmoja wa kanzu na kofia, bila koti, na kanzu yake ilikuwa kavu.

"Hujafunzwa kusalimu?" akauliza. Kiswahili cha pwani, cha watu wa kale.

"Shikamoo, mzee."

"Mzee nani? Mle ndani si umesema babu?"

Yeye akalitazama gobore mikononi mwangu kama mtu anavyotazama mtoto wake.

"Nimelifuata meza kwa meza, nchi kwa nchi. Watu wanapima mtutu, wanapima kitako, hakuna aliyewahi kusema mwenye gobore ni wa kwetu. Leo nimepata mjukuu. Mimi ni Faraji." Akanisogelea. "Lakini isije ikawa una babu mwingine."

Ninyi mngejibu nini? Hebu niambieni. Mimi, msema hovyo kuliko kasuku, nilichotaka ni basi lifike tu.

"Sina mwingine," nikasema. "Babu ni wewe."

"Marahaba," akaitikia.

Basi likafungua mlango. Nilipogeuka, benchi lilikuwa tupu.

Wiki ile sikulala. Nikampigia simu shangazi Tanga, nikamwomba amsomee hitima babu yangu Mbaruku, fundi wa taa za karabai, aliyenilea tangu nikiwa mchanga.

"Mbaruku ndiye nani?" akauliza.

"Shangazi, acha utani. Babu! Baba yako mzazi!"

"We mtoto, baridi ya huko imekuingia kichwani. Baba yangu ni Faraji, Faraji wa gobore. Hata jina lako umelisahau?"

Nikaenda kutazama pasipoti. Jina langu, jina la baba, kisha jina la tatu: Faraji.

Nilimpelekea Mzungu bunduki nimpe bure, akakataa, eti hapokei urithi wa mtu. Nimerudi kituo kile mara hamsini, na hapa sijazidisha. Natembea mbele na nyuma nikiita, "Ninaye babu mwingine!" Watu wanahama benchi. Mzee hajatokea tena. Atokee kwa lipi? Shida yake imekwisha.

Basi nawaasa. Mkiwa mnapatana bei, itukaneni bidhaa, jifanyeni mafukara, ondokeni kwa hasira mpaka mwitwe. Lakini wafu wenu msiwaguse. Babu yangu aliitwa Mbaruku. Kidole gumba chake kilipindishwa na moto wa karabai, alikuwa akiogopa paka, na ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi. Ulimwenguni nimebaki mimi tu ninayejua hayo, na juzi ilinichukua robo saa kuikumbuka sauti yake. Wewe unayesoma, nishikie jina hilo, tafadhali. Mbaruku. Litamke hata mara moja.